Jumong Bila Yai

Mtu akija Sumbawanga mwezi wa saba bila sweta, kosa hilo halirudii. Uwanda wa juu wa Ufipa una sehemu zinazopita mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe hakuna anayezurura. Watu wanajifungia ndani na blanketi zao, wanapiga soga au wanaangalia kitu. Kwa shangazi yangu, mwaka juzi, kitu hicho kilikuwa Jumong.

Si mimi niliyemletea. Binti yake alirudi likizo kutoka chuo Mbeya akiwa na flashi iliyojaa sizoni za Kikorea, na Jumong ilikuwemo yote, sehemu 81. Shangazi ana miaka sitini na kitu. Kabla ya hapo alikuwa anawaita wote "Wachina wenu," na kazi yake ilikuwa kupita mbele ya televisheni akilalamika kuhusu kelele za panga. Wiki moja baadaye nilipita kumwamkia. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuza shingo. Kwenye kioo mhunzi mmoja mnene, mwenye nywele za timtimu, alikuwa anaangalia upanga alioufua mwenyewe ukigonganishwa na upanga wa adui. Wa kwake ukavunjika.

"Hajapata," shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia jirani. "Huyu bado hajapata udongo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Wewe unacheka. Kwetu walikuwa wanajua haya mambo. Babu yako alituonyesha mahali tanuri liliposimama."

Nimeifikiria sentensi ile tangu siku hiyo, kwa sababu inajibu swali ambalo makala nyingi za mtandaoni hazilijibu. Ukiuliza kwa nini mtu mgeni akishaonja tamthilia za Kikorea haachi, utaambiwa ni mapenzi yasiyoharakishwa, ni mavazi, ni sura laini za wale vijana, ni muziki unaoingia pale pale chozi linapotaka kudondoka. Sikatai, vyote vipo. Lakini shangazi yangu hakuwa anamwangalia Song Il-gook, steringi mwenyewe, ambaye wasichana wa mtaani walikuwa wamemweka kwenye simu zao. Alikuwa anamsubiri mhunzi. Usiku baada ya usiku alitaka kujua jambo moja: je, leo chuma kitakubali?

Mhunzi huyo anaitwa Mopalmo. Naanza naye kwa sababu naamini yeye ndiye siri ya tamthilia ile.

Kwa asiyeijua: Jumong ilirushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Waandishi wake ni Choi Wan-kyu na Jung Hyung-soo. Inamhusu mtu anayetajwa na mapokeo ya Wakorea kuwa mwanzilishi wa dola ya Goguryeo, mwaka 37 kabla ya Kristo. Mwanzoni tunamkuta Jumong akiishi katika nchi ya Buyeo kama mtoto wa tatu wa mfalme Geumwa, mama yake akiwa suria aitwaye Yuhwa. Baba yake halisi ni Haemosu, mpiganaji aliyekuwa rafiki wa mfalme na ambaye watu wanaamini amekufa. Juu ya Buyeo na nchi zote ndogo za jirani limekaa dola la Han, la Wachina, lenye jeshi la farasi na silaha za feleji. Upanga wa Han ukikutana na upanga wa Buyeo, wa Buyeo unavunjika. Sehemu nyingi za hadithi zinazunguka jambo hilo dogo.

Sasa tazama waandishi walivyoichukua hadithi ya kale. Kitabu cha historia cha Wakorea kiitwacho Samguk Sagi, kilichokusanywa mwaka 1145, kinasimulia kwamba Jumong alitoka kwenye yai. Mama yake alifuatwa na mwanga wa jua, akapata mimba, akazaa yai. Mfalme akaamuru litupwe. Mbwa na nguruwe hawakuligusa, na ndege wakalifunika kwa mabawa. Akatoka mtoto, na alipofika miaka saba alijitengenezea upinde, kila mshale ukapata shabaha. Jina lenyewe, tunaambiwa, katika lugha ya Buyeo lilimaanisha mpiga mshale hodari. Yaani katika hadithi ya kale Jumong anazaliwa akiwa tayari. Hana cha kujifunza.

Tamthilia imelitupa yai. Jumong wa MBC anazaliwa kama wewe na mimi. Tena akikua anakuwa goigoi: mwoga, mpenda wanawake, upanga hawezi kuushika vizuri, kaka zake wa kambo wanamfanya kichekesho, na mwishowe anafukuzwa katika jumba la kifalme kwa aibu. Mtazamaji mgeni anakaa sehemu kadhaa akijiuliza kama kweli huyu ndiye steringi. Ustadi wa upinde, ule aliopewa bure katika hadithi ya kale, hapa anaupata kwa jasho, na mwalimu wake ni mzee kipofu aliyefungiwa pangoni miaka ishirini. Mzee huyo ni Haemosu. Jumong hajui kwamba ni baba yake, na Haemosu hajui kwamba ni mwanawe. Wanafundishana, wanapendana kama mwalimu na mwanafunzi, na Jumong anakuja kuambiwa ukweli wakati mzee ameshauawa. Shangazi alizima televisheni usiku ule. Kesho yake aliniambia hakuwa na hamu ya chakula.

Hili ndilo jambo ninalotaka tulitazame kwa makini. Waandishi walikuta muujiza, wakauondoa, na kwenye nafasi yake wakaweka kazi. Mahali pa yai wakaweka mazoezi. Na pale ambapo msimuliaji wa kale angeleta upanga wa ajabu kutoka mbinguni, wao walituletea Mopalmo na makaa yake, akishindwa na kurudia. Ndiyo maana mtu asiyejua lolote kuhusu Korea anaweza kuingia. Muujiza wa watu wengine unahitaji imani yao, lakini kazi haina ugeni huo. Mama aliyewahi kuunguza mkate mara tatu kabla haujaumuka atamwelewa Mopalmo bila mkalimani.

Tamthilia nyingine iliyowafungulia wengi mlango, Dae Jang Geum, ya MBC pia, sehemu 54, ya mwaka 2003 hadi 2004, inafanya hivyo hivyo kwa njia ya jikoni. Mtoto Jang-geum anaingia kuwa mwanafunzi wa upishi katika jumba la mfalme. Mwalimu wake, Bibi Han, anamwambia: niletee maji ya kunywa. Analeta, anarudishwa. Analeta ya moto, anarudishwa. Siku zinapita hivyo. Mpaka siku anapouliza kwanza: je, tumbo linauma? Koo je? Umepata choo? Hapo ndipo anapata somo lenyewe, kwamba mpishi lazima amjue anayekunywa hata kama anampelekea maji matupu. Sijui filamu ngapi zingethubutu kutumia muda wote huo kwa bakuli la maji. Wakorea wanathubutu, na mtazamaji anakaa, kwa sababu ameona kwamba hapa kitu kidogo hakidharauliwi.

Basi, kuna swali la jinsi tunavyozipata tamthilia hizi, na hapa nina ugomvi kidogo na watu ninaowapenda.

Sisi wa kizazi cha vibanda umiza tulilelewa na watafsiri. Lufufu wa Dar es Salaam, na kule Kenya DJ Afro, walitufanya tumwelewe kila Mhindi na kila Mchina aliyepita kwenye kioo. Mtafsiri wa namna hiyo hasemi tu walichosema waigizaji. Anaongeza utani, anawapa watu majina ya mtaani, anamtukana adui kwa niaba yetu. Ni sanaa kamili, na atakayeandika historia ya fasihi simulizi ya mjini akiwaacha hawa atakuwa ameandika nusu. Upande mwingine kuna tafsiri rasmi, ya kuingiziwa sauti studio. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyojulikana hapa kama Doudou na Mama Wakwe Zake, kwa Kiswahili fasaha, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Siku hizi Azam wanatuletea za Kituruki kwa mtindo huo wa kuingiza sauti, na watu wanapanga ratiba ya chakula cha jioni kuzifuata.

Ugomvi wangu ni huu: tamthilia nzuri ya Kikorea inakaa kwenye ukimya. Geumwa anapogundua kwamba rafiki yake Haemosu alikuwa hai miaka yote ile, umbali mfupi kutoka kwenye kiti chake cha enzi, uzito wa jambo hilo uko kwenye uso wake zaidi kuliko mdomoni. Mtafsiri wa kibandani hawezi kunyamaza. Kazi yake ni kujaza, ukimya kwake ni hasara. Nilipoiona Jumong mara ya kwanza, kwa kutafsiriwa, nilikumbuka mapigano na vichekesho. Nilipoiona kwa shangazi, kwa lugha yake yenyewe, binti akitusomea maandishi ya chini kwa sauti ya kunong'ona na kutupatia Kiswahili chake cha papo kwa papo, niliona tamthilia nyingine. Binti alikuwa ananyamaza wao walipokuwa wananyamaza. Nadhani ile ndiyo tafsiri bora niliyowahi kuisikia, na haikurekodiwa popote.

Turudi kwenye udongo wa shangazi, maana sikumwelewa haraka.

Ufipa ilikuwa nchi ya wahunzi. Waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo kuliko kimo cha mtu, yanayoitwa malungu, moja likiitwa ilungu. Ajabu ya tanuri hilo ni kwamba halikupulizwa. Chini kulikuwa na matundu yenye mabomba ya udongo, moto ukipanda ulivuta hewa wenyewe. Mtapo na makaa vilipangwa kwa tabaka, na kazi ikaenda siku kadhaa. Kilichotoka hakikuwa jembe bado. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi ya kukisafisha. Tanuri jipya lilipokewa kama bibi harusi, na wahunzi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Watafiti wameyaandika hayo kwa kirefu tangu enzi za Mwingereza. Mtaalamu wetu wa makumbusho, Wembah-Rashid, alichapisha utafiti wake mwaka 1969. Mabaki ya malungu bado yapo, na mengine yamesimama mashambani, watu wakiyapita kwenda kupalilia.

Kwa hiyo shangazi alipomwangalia Mopalmo akipima udongo na makaa, alikuwa anamwona babu yake. Alijua kwamba chuma kinaweza kukataa. Alijua kwamba anayekisihi lazima awe na subira na siri pia. Mkorea wa mwaka 2006, asiyejua kama Sumbawanga ipo, alikuwa amempa shangazi picha ya ukoo wake.

Na hapa, msomaji, ndipo inapouma. Ni lini wewe uliona mhunzi wa Kifipa kwenye filamu yetu? Mimi sijawahi. Nilichokiona ni kitu kingine. Katika muvi za Bongo na vichekesho vya mitandaoni, Sumbawanga ni neno la kuchekeshea. Mtu akitaka kumroga mwenzake, anapanda basi anakuja kwetu. Kuna mganga mwenye kaniki, kuna kibuyu, kuna kicheko kinachorudiarudia, halafu radi. Mimi mwenyewe nilipokuwa nasoma mbali na nyumbani niliulizwa mara nyingi, kwa utani usiokuwa utani, kama naweza kupaa na ungo. Hata jina la mji limegeuzwa kinyume. Maelezo yanayojulikana zaidi ya neno Sumbawanga ni "tupa uchawi": yaani, ukiingia hapa, uache uchafu wako nje. Watu wanalisoma bango la kukataza kama tangazo la biashara.

Linganisha sasa. Wakorea walikuwa na hadithi iliyojaa ajabu, wakaichimba mpaka wakakuta watu wanaofanya kazi. Sisi tulikuwa na watu wanaofanya kazi, kazi ya moto na mahesabu, tukaifukia mpaka ikabaki ajabu peke yake. Wao waliondoa yai wakaacha jasho. Sisi tuliondoa jasho tukaacha ungo.

Utaniambia: lakini hata wahunzi wenu walikuwa na dawa. Ni kweli, walikuwa nazo. Kulikuwa na kapu la dawa, na hakuna mhunzi wa Ufipa ambaye angewasha tanuri bila kufuata miiko. Sitaki tuyafiche. Jibu langu liko ndani ya Jumong yenyewe, kwa mhusika aitwaye Yeomieul, kuhani mkuu wa Buyeo. Anaota ndoto, anasoma ishara za jua, mfalme anamwogopa. Katika muvi zetu mtu wa namna hiyo angecheka tu na kurusha macho. Yeomieul anafikiri. Ndiye aliyeshiriki njama ya kumfungia Haemosu pangoni, akiamini anaiokoa nchi yake, na kosa hilo linamtafuna mpaka anaondoka Buyeo na kwenda kumsaidia mtoto wa mtu aliyemdhulumu. Ni mtu wa dini, mtu wa siasa na mtu mwenye majuto, vyote kwa pamoja. Waandishi hawakumwondolea ndoto zake, ila walimpa akili. Mwandishi wa tamthilia akimwandika mwenye kapu la dawa wa Ufipa kwa heshima hiyo, mimi nitakuwa wa kwanza kulipia bando.

Tena si kwamba hatuna hadithi yenyewe. Wazee wa Ufipa wanasimulia kuhusu Milansi, kijiji kinachotajwa kuwa chimbuko la nchi, ambacho watawala wake walikuwa wahunzi. Siku moja mfalme anakwenda mawindoni. Anamwonya mkewe: wageni watakuja, usimpe yeyote kigoda changu. Wageni wanakuja kweli, nao ni wanawake, wa ukoo wa Watwa, jina la ukoo wa kifalme na si wale Watwa wa misituni. Mke anaingiwa na hofu, anatoa kigoda. Mfalme anaporudi anamkuta mwanamke mgeni amekikalia, na utawala wa nchi unahama bila mkuki kurushwa. Milansi inabaki ndogo, lakini yenye heshima yake ya kimila. Ukoo mpya baadaye unagawanyika, Nkansi huku na Lyangalile kule, ndugu wanakuwa mahasimu. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis aliishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakusanya masimulizi haya, na vitabu vyake viwili vikubwa juu ya Wafipa vikatoka mwaka 1978 na 1981. Viko kwa Kiingereza. Katika duka la vitabu la hapa mjini sijawahi kuviona.

Soma tena aya hiyo kama mtu aliyetoka kumaliza sizoni ya Kikorea. Mfalme mhunzi. Onyo. Mke peke yake mlangoni, wageni wamesimama, kigoda kiko nyuma yake. Alifikiri nini? Masimulizi yanasema aliogopa, basi, yanapita. Mwandishi wa Kikorea hangepita. Angekaa na mwanamke yule sehemu nne nzima. Angetuonyesha miaka aliyokaa akipika kando ya tanuri ambalo haruhusiwi kulikaribia. Angetufanya tujiulize kama ilikuwa hofu kweli, au alikuwa amechoka na kigoda kile. Na yule mgeni anayekaa, ametembea kutoka wapi, ameacha nini nyuma?

Nisije nikaonekana nimelewa mapenzi, niseme na ubaya wa Jumong, maana upo. Ilipangwa iwe na sehemu 60. Ikapendwa, ikarefushwa hadi 81, na urefu huo unaonekana. Kuna majuma mazima ambapo njama ile ile inasikilizwa nyuma ya mlango ule ule. Vita vinavyotangazwa kuwa vya maelfu vinapiganwa na watu unaoweza kuwahesabu. Wakorea wenyewe walilicheka hilo. Han wanachorwa wabaya moja kwa moja, na mtu akiichukua tamthilia hii kama somo la historia atakuwa amedanganyika, kwa sababu ni hadithi ya taifa linalojisifu. Wanawake pia wanalipa gharama kubwa kuliko wanayolipwa. So Seo-no, binti wa mfanyabiashara, mwenye fedha na akili zilizoisimamisha nchi mpya, mwishoni anachukua wanawe wawili na kuondoka kwenda kusini ili asiwe sababu ya ugomvi wa kurithi. Tamthilia inatutaka tumwone mtukufu. Shangazi alimwona ameonewa. "Nchi ni yake," alisema. "Angekaa." Nilijaribu kumweleza kwamba katika mapokeo ndiko walikokwenda kuanzisha Baekje, dola jingine. "Sawa," akasema, "lakini angekaa." Nami nakubaliana naye. Pale waandishi walichagua machozi badala ya kumtendea haki mwanamke waliyemjenga vizuri kuliko wote.

Lakini hata ubaya huo unathibitisha nguvu yao. Hutakasirika kwa ajili ya mhusika usiyemwamini.

Sasa, kwa wewe unayetaka kuanza na hujui uingilie wapi. Wengi waliingia mwaka 2021 kwa Squid Game, sehemu tisa tu, damu nyingi. Ni kazi kali, ila ukiingilia pale utadhani Wakorea wana haraka. Kama muda wako ni mfupi na unapenda mapenzi, anza na Crash Landing on You, sehemu 16, ya mwaka 2019 hadi 2020: tajiri wa Kusini anapeperushwa na upepo hadi Kaskazini, na raha yake kubwa kuliko yote ni wale akina mama wa kijijini wanaotengeneza kachumbari ya kabichi ya kimchi pamoja na kuchunguza mambo ya watu. Ukitaka mtaa na majirani, tafuta Reply 1988, ambako mabakuli ya chakula yanapelekwa nyumba hadi nyumba mpaka mtu anacheka. Utaikumbuka mitaa ya zamani kabla ya kuta na mageti. Ukitaka kujua kwa nini shangazi yangu aliacha kulala mapema, anza na Dae Jang Geum, halafu Jumong. Usianze na Jumong peke yako. Ni ndefu, na inataka mtu wa kubishana naye.

Na usiruke vipande vya polepole. Kile unachodhani ni kupoteza muda, mtu anatwanga dawa, anapanga kuni, anamwinamia mkubwa wake mpaka paji la uso liguse sakafu, ndicho ulichokuja kukitazama. Sisi tunaotoka mahali ambapo salamu ina hatua zake na mdogo hapiti mbele ya mkubwa bila kuinama, tuna bahati hapo. Hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini mtu mzima anapiga magoti kabla ya kusema ombi lake.

Usiku ambao panga la Mopalmo lilikataa kuvunjika, umeme ulikuwepo, baridi ilikuwa kali, na sote tulikuwepo: shangazi, binti, mimi, na mtoto wa jirani aliyekuja kuchaji simu. Mapanga yakagongana. Safari hii la Han ndilo lililokatika. Mopalmo akalia kama mtoto. Shangazi akapiga makofi mawili, taratibu, kama mtu anayemsalimia mzee wa ukoo, akaniambia nimsogezee blanketi.

Baadaye nilimwomba anionyeshe lile tanuri la babu. Akasema ni mbali, tungoje mvua ziishe mwakani, na kwamba huenda mwenye shamba amekwisha kulivunja apate nafasi ya mahindi. Hatujakwenda bado. Binti amemaliza chuo. Anasema anataka kuandika, ila hajui aanzie wapi. Nimemwambia aanze na yule mwanamke wa Milansi amesimama mlangoni, kigoda nyuma yake, kabla hajaamua.